Kichuguu cha Chumbani

Jumapili, 6 Oktoba

Zaitun kaondoka asubuhi kwenda Kibondo. Binti yetu Safina anajifungua wakati wowote, na mama mtu hawezi kukaa Kasulu akisubiri simu. Nimembebea begi mpaka stendi. Nilitegemea maneno matamu ya kuagana. Nimepewa mawili tu: usibuni kitu.

Mawili! Baada ya ndoa ya miaka yote hii! Hajasahau sungura wa uvunguni. Hajasahau uyoga kwenye beseni la kufulia, ingawa uyoga ule ulikaribia kabisa kuota.

Nikamuuliza akirudi angependa kukuta nini. Akasema angependa kuikuta nyumba, basi.

Nieleze, ingawa msomaji wa daftari hili ni mimi peke yangu. Nyumba tunayoishi si yangu. Aliijenga baba mkwe, marehemu Mzee Hashimu, kwa matofali mabichi na mbao za enzi zile, akamwachia Zaitun. Mlango wa mbele ni wa mninga. Mzee aliuleta mwenyewe kwa lori kutoka Uvinza, na ni mzito kiasi kwamba mgeni akiusukuma mara ya kwanza hudhani umefungwa. (Jirani yangu Stanislaus husema ule si mninga, ni mti mwingine tu uliopakwa rangi. Wivu.) Zaitun alizaliwa ndani ya nyumba hii na anataka kuzeekea humu. Shemeji Saady, kaka yake, anataka ibomolewe, kiwanja kijengwe fremu za maduka. Kila Idi anasema nyumba imechoka. Kila Idi Zaitun anajibu kwamba siku watu watakapoiona imechoka, abomoe, lakini leo imesimama. Wazee wa ukoo wamekubali hivyo.

Kwa hiyo kazi yangu ni moja. Nyumba isionekane imechoka. Mtu mzima hashindwi hilo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeshindwa.

Nilisogeza kabati la chumbani nikitafuta kandambili. Nyuma yake, ukutani, mstari wa udongo! Unene wa kidole. Umetoka sakafuni, umepanda mpaka silingi, umepinda hapa na pale kama mtu anayetafuta choo gizani. Nikaukwangua kwa kijiko. Ndani mna wadudu weupe, laini, wanakimbizana kwa aibu kana kwamba nimewafumania. Mchwa.

Nikafunua pazia. Mstari mwingine. Nikagonga fremu ya mlango wa chumbani kwa kidole. Juu ilijibu kama mbao. Chini ilijibu kama boksi tupu. Nikabonyeza kidogo tu, kwa adabu. Kidole kikazama. Rangi ndiyo iliyokuwa imesimama pale, mbao yenyewe ilishaondoka zamani bila kuaga.

Nimekaa kitandani. Nilihisi kulia, nikalia kidogo.

Mtu mwenye akili angemwita fundi wa dawa. Lakini mafundi wote wa mjini hapa wanafanya kazi kwa Saady. Nikimwita mmoja asubuhi, mchana Saady yuko mlangoni na futi kamba. Simwiti mtu. Kuna ndoo ya chokaa ilibaki Idi. Nitapaka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Chokaa imekauka vizuri, ukuta mweupe, unapendeza. Mchwa nao wameona unapendeza. Wamepitisha mistari mipya juu yake. Mwanzo ilikuwa udongo juu ya ukuta wa rangi ya udongo, huoni mpaka uoneshwe. Sasa ni udongo juu ya weupe, na dirisha likiwa wazi unaiona kutoka barabarani. Nimewachorea ubao!

Nikatundika kanga za Zaitun ukuta mzima. Chumba kimekuwa kama jukwaa la harusi. Hakuna bibi harusi.

Nikiwa katika hali hiyo, nani kaja kuazima jembe? Stanislaus. Anasafisha kichuguu chake, mvua zinakaribia. Hawezi kutaja kichuguu kile bila kuvuta pumzi kwanza. Kiko nyuma ya migomba yake, alikiacha babu yake. Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha anakifunika kwa matawi na blanketi, ukoo mzima unakizunguka wakigonga vijiti ili kumbikumbi wadhani mvua imekolea, na wanapotoka wanaingia kwenye ndoo. Iswa, yeye anawaita, kwa Kiha chake cha kujidai. Watu wanapanga foleni uani kwake wakiwa na mabakuli. Félicité, yule Mkongomani anayechuuza soko letu akipata kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anamsalimia kwa mikono miwili. Mimi ananipungia.

Na kila mwaka Stanislaus anatuletea sahani ya kumbikumbi iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Leo kalipa jembe langu heshima ya kulisifu, kisha kasema eti anawahurumia sana watu wasio na kichuguu, anajiuliza wanaishije.

Nimefunga mlango kwa nguvu. Kipande cha fremu kimebaki mkononi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Msikitini. Khatibu anazungumzia subira. Mimi nimejiliwa na jambo kubwa zaidi.

Kumbikumbi ni nini? Ni mchwa wenye mabawa! Wanatoka wapi? Kwa mchwa! Nani ana mchwa? Mimi!

Nina kichuguu. Nimekuwa nacho siku zote na nimekuwa nikikipaka chokaa kama mjinga. Cha Stanislaus kinanyeshewa na mvua nyuma ya migomba. Changu kina bati, kina silingi, kina kitanda pembeni.

Tena kuna faida ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya nikosee rakaa. Kumbikumbi wakitoka wanaruka, wakiruka nawakamata, nikiwakamata wamekwisha. Nyumba inabaki haina mchwa! Bila fundi, bila dawa, bila Saady kujua. Zaitun anarudi anakuta nyumba safi na mume mwenye jina mjini. Huku si kubuni kitu. Huku ni kutumia kilichopo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Wengine wamepumzika. Mimi nimelisha.

Nimeondoa kanga, zinazuia hewa. Nimepanga maboksi makuukuu chini ya ukuta na kuyalowesha. Nimeongeza samadi kavu ya mbuzi na majani ya mahindi. Jioni nikainua boksi moja: upande wa chini umeshalambwa, umebaki kama kitambaa cha kushonea. Wanakula hawa! Nimejisikia kama mfugaji anayesikia ng'ombe wake wakicheua.

Nilimpitia Félicité sokoni nikamwambia mwaka huu asikimbilie kwa Stanislaus, kuna kichuguu kipya mjini. Akauliza kiko wapi. Nikamwambia kwangu, ndani. Akasema atakuja kuona kwa macho yake.

Zaitun kapiga simu. Safina kajifungua mtoto wa kiume, wote wazima, alhamdulillah! Nimefurahi mpaka nikasahau kuwa na wasiwasi. Halafu akauliza nyumba inaendeleaje. Nikamwambia inaendelea vizuri, imechangamka. Akauliza nyumba inachangamkaje. Nikasema mtandao unakatika.

Jumatano, 16 Oktoba

Saady kaja bila hodi ya maana. Anajifanya kaleta hongera za mjukuu. Macho yake yalikuwa kwenye dari tangu alipovuka kizingiti.

Nikamkalisha sebuleni, mgongo wake ukielekea ukuta mbaya. Kosa. Mchwa wakishtushwa wanagonga vichwa vyao kwenye mbao, wote kwa pamoja, na ukuta mzima unatoa sauti kama manyunyu kwenye bati. Saady akasikiliza. Akauliza shemeji, mvua inanyesha? Nikasema ndiyo. Jua lilikuwa linawaka mpaka mbwa wa Stanislaus kalala kwenye kivuli cha ndoo. Nikawasha redio kwa sauti ya juu, tukaongea kwa kupiga kelele habari za mtoto.

Kisha akaonesha kwa kidole lipu iliyotuna karibu na swichi. Nikasema ndio mtindo wa siku hizi Dar. Saady amekaa Dar. Akainuka, akaibonyeza, ikabonyea kama mkate uliolowa chai. Alipapasa mlango wa mninga wakati wa kutoka, akasema mzee alijua kuchagua mbao. Afadhali hilo tumekubaliana.

Alipoondoka nilikuta unga mwekundu pale alipobonyeza. Niliufagia. Nilifagia muda mrefu, na sikutaka kujiuliza kwa nini.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mavuno! Au nilidhani.

Asubuhi manyunyu. Wadudu weusi wenye mabawa wakaanza kutoka kwenye ufa wa dirisha la sebuleni. Nikawafagilia kwenye sufuria, nikawakaanga na chumvi, nikala kijiko kizima. Uchachu! Machozi yalinitoka. Nikajiambia kumbikumbi wa ndani wana ladha yao, watu watazoea.

Félicité akafika na ndoo zake. Ni mama wa mwili na sauti, alikuwa mwalimu huko Uvira kabla vita haijamleta kambini, na mpaka leo anaongea na kila mtu kama yuko darasa la tatu. Akachungulia sufuria. Akacheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ukamwagika kidogo.

"Vraiment, kweli kabisa, Papa Nuru! Hii haiko mchwa! Umekula sisimizi!"

Akaokota mmoja, akamlaza kiganjani mwangu, akaniamuru nitazame. Huyu kiuno kimekatika, kasema, kama cha binti aliyekaza mkanda. Mchwa hana kiuno, ameenda sawa toka shingo mpaka matako. Huyu mabawa ya mbele ni marefu na ya nyuma ni mafupi. Kumbikumbi mabawa yake yote yanalingana, tena ni marefu kuliko mwili. Huyu vipapasio vimepinda kama kiwiko. Vya mchwa vimenyooka kama uzi wa shanga ndogo. Akauliza nimeelewa. Nikaitikia ndiyo, mwalimu.

Kisha akaingia chumbani. Akaona mistari. Akaona maboksi. Kicheko kikaisha. Akagonga fremu, akagonga nguzo inayoshika kenchi ya paa, akasikiliza kwa sikio. Aliposema alisema polepole: "Papa, hapa banakula nyumba."

Akanisihi nimwage dawa leo, si kesho. Kwao Uvira alimjua mtu aliyeangukiwa na dari akiwa anakula wali. Nikamuuliza kwa hofu: kwa hiyo hawa wa chumbani ni mchwa kweli, si sisimizi? Akasema ni mchwa kweli, wengi kupita kiasi.

Nikamshukuru Mungu. Nilikuwa nimeanza kuogopa.

Jumanne, 22 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mvua kubwa mchana, ya kwanza. Ilipopungua nikasikia vijiti vya ukoo wa Stanislaus vikigonga nyuma ya migomba. Nikachukua mwiko wa ugali nikaanza kugonga kuta za chumba. Ukuta, fremu, ukuta, nguzo. Chokaa inadondoka kichwani. Nagonga. Jasho linanitoka. Nagonga.

Wakatoka! Ewe Mola, walitoka! Kwenye mistari, kwenye matundu ya fremu, chini ya kabati, kwenye swichi! Wanene, hawana kiuno, mabawa yanalingana! Nikamkumbuka mwalimu wangu. Nikatandaza shuka la Zaitun la maua, nikaweka beseni la maji katikati, nikasimama mikono imekunjuliwa kama mtu anayepokea wageni.

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima giza la mawingu. Isipokuwa kwa nani? Stanislaus kafunga taa ya sola juu ya kichuguu chake. Kumbikumbi wangu wakageuka wote kwa pamoja. Wakatoka dirishani. Nikafunga dirisha. Wakatoka kwenye matundu waliyotoboa wao wenyewe kwenye silingi. Kupitia pazia niliwaona wakivuka ua, wingu zima, wakienda kwenye taa ya Stanislaus kana kwamba wamealikwa kwa kadi. Na pale kwenye taa, akiwa amekunja gauni, akizoa kwa mikono miwili, alikuwa Félicité.

Nilibaki na mabawa. Malundo ya mabawa, kitandani, kwenye beseni, ndani ya kikombe changu.

Nikapiga kelele juu ya ua kwamba wale ni wangu. Stanislaus akajibu bila hata kuinua kichwa kwamba iswa hawana kitambulisho. Watu wakacheka. Nikasema kesho tutaonana kwa mwenyekiti.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeshinda kesi.

Niandike kwa utaratibu. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Nduwayezu, alisikiliza uani kwangu mbele ya nusu ya mtaa. Saady naye alikuwepo, kasema anapita tu. Mzee akaeleza desturi: kumbikumbi ni wa mwenye kichuguu, na wakikamatwa kwenye taa ya mtu mwingine wanagawana, mradi mwenye kichuguu akioneshe. Stanislaus akasimama akasema suala limekwisha basi, kwa sababu dunia nzima inajua Nurudini hana kichuguu. Hajawahi kuwa nacho. Analetewa kwa sahani.

Watu walicheka sana. Félicité alinitazama akatikisa kichwa, kama ananikataza kitu. Sikuelewa ananikataza nini.

Nikawaambia: ingieni.

Sijawahi kusema vizuri namna ile maishani mwangu. Niliwaonesha mistari, nikaivunja waone wadudu wanavyokimbia. Niliwapanga foleni wagonge fremu mmoja mmoja wasikie uwazi. Nikawabonyezesha lipu. Nikainua maboksi waone yalivyoliwa. Nikawamwagia mabawa mikononi, nikawafundisha yanavyolingana. Nikavuta droo ya kabati, ukaja uso wake mtupu, bila pande zake. Watu wakawa wanasema eee! Stanislaus akaanza kukuna shingo. Na ili kumaliza kabisa ubishi, nikachukua mwiko wangu nikaichoma nguzo inayoshika kenchi. Mwiko ukaingia mpaka mpini. Ukabaki humo.

Kenchi ikalia. Sauti ndefu, kama mzee anayeinuka kutoka kwenye mkeka.

Wote tukatoka. Mzee Nduwayezu akatoa hukumu akiwa amesimama mbali, karibu na barabara: kichuguu ni cha Nurudini, hakuna shaka yoyote, na hajawahi kuona kichuguu kikubwa vile. Nipewe nusu. Makofi! Makofi yangu! Stanislaus akaleta ndoo kichwa kikiwa chini.

Nikamtafuta Saady kwa macho, nilitaka aone. Alikuwa anamalizia kupiga picha kwa simu. Akanijia akanishika mkono. Akasema shemeji, umeeleza vizuri kuliko fundi yeyote.

Hapo Mzee Nduwayezu akaongeza kwamba kuanzia leo mtu asilale ndani ya nyumba ile, na ukoo uarifiwe.

Nimekaa juu ya ndoo. Kumbikumbi wanakwaruza chini yangu. Nyumba ilikuwa na mtetezi mmoja mjini Kasulu, mimi, nikatoa ushahidi dhidi yake. Nimekwisha. Sijui nitamwambia nini Zaitun. Sijui. Sijui.

Jumapili, 27 Oktoba

Zaitun kafika na gari la asubuhi. Sikumwambia, Saady ndiye aliyempigia.

Nilikuwa nimemkaangia kumbikumbi. Sahani juu, sahani chini. Nilimsubiri barazani nikiwa nimeishika, mafundi wa Saady wakishusha mabati juu ya kichwa changu.

Hakupiga kelele. Ningeomba apige. Aliingia chumba kwa chumba, akagusa ukuta pale kitanda cha mama yake kilipokuwa, akatazama juu, mbingu zinaonekana. Akatoka akakaa kwenye ngazi ya baraza, akalia kwa ncha ya kanga, polepole, mabega tu yakitikisika. Mimi sikujua sahani niiweke wapi. Nikamwambia ni watamu. Kwa nini nilisema vile? Mdomo wangu una kichaa chake peke yake.

Akasema, "Baba Safina. Maneno mawili. Nilikuachia maneno mawili."

Nilimpenda sana wakati ule, nikajichukia vilevile.

Saady, nisimnyime haki yake, aliona huruma. Kamwahidi dada yake chumba nyuma ya fremu zikiisha, cha kwake mpaka mwisho. Mimi kanipa stoo yake nilale kwa sasa. Zaitun hataki stoo. Anarudi Kibondo kwa mjukuu.

Kitu kimoja tu aliomba kitolewe kizima: mlango wa baba yake. Wanaume wanne waliubeba, wakipumzika kila hatua chache, shingo zimetoka mishipa. Wakauegemeza ukutani stoo. Zaitun akaupapasa, akaweka paji la uso pale juu ya kitasa. Kisha akanigeukia. Mlango huu, kasema, ndio utakaofungwa kwenye chumba chake kipya. Atarudi siku hiyo, na atakaa na mimi nyuma ya mlango huo kama zamani. Lakini uwe mzima. Nikiona udongo popote, hata wa ukubwa wa ukucha, nimwambie Saady siku ile ile. Usipokuwa mzima nisimpigie simu tena.

Nimeapa. Nimeapa nikiwa na udhu.

Kabla hajapanda gari alifunua sahani, akachukua kumbikumbi mmoja, akatafuna. Akasema chumvi imezidi.

Jumapili, 8 Desemba

Fremu zimefika kwenye lenta. Saady anasema mwezi ujao chumba kitakuwa tayari. Nimebadilika sana. Sibuni kitu. Naamka, naswali, naangalia mlango, nalala.

Stanislaus kaniletea sahani tena. Sahani juu, sahani chini. Kaniambia eti pole na kichuguu, Mungu atakupa kingine. Sikula. Nilikula kidogo.

Nimeona mstari wa udongo. Uko nyuma ya mlango, unapanda ukutani. Mwembamba, kijana bado. Nilivaa kandambili niende kumwambia Saady, wallahi, nilifika mpaka getini. Nikasimama. Hebu tufikirie kama watu wazima. Stoo hii ni ya tofali za kuchoma na saruji, haiwezi kuliwa. Ndani hamna cha kuliwa, ni mlango tu, na mlango ni wa mninga, na mninga hauliwi na mchwa, hilo linajulikana. Kwa hiyo hawali kitu hawa. Wanapita tu. Na safari hii taa ya sola ninayo mimi, itafungwa ndani. Nimemwagia maji pale chini. Kidogo tu. Nimeongeza boksi moja.

Zaitun kapiga simu jioni. Kauliza habari ya mlango kabla ya habari yangu. Nikamwambia unang'aa, rangi yake iko vilevile kama siku alipouacha. Na ni kweli! Bati linavuja upande ule, nikaona nimwoneshe kwamba nautunza, nikausogeza tukiwa bado tunaongea. Siku ile wanaume wanne walitoka mishipa. Leo nimeuinua peke yangu, kwa mkono mmoja, simu ikiwa kwenye mkono wa pili, nikaupeleka mpaka upande mkavu bila hata kuhema.

Nimemwambia arudi bila wasiwasi. Huku stoo nimepata nguvu za ajabu.